Anza na Hestia: ibada ya miungu ya Kigiriki katika nyumba ya leo

Anayeingia leo katika dini ya Wagiriki wa kale mara nyingi huanza na sanamu. Huagiza Athena wa resini mwenye chapeo na bundi, humpandisha juu ya rafu katikati ya mishumaa saba, husoma tenzi mbili tatu kwa kunong'ona, na mwezi wa pili haujaisha bundi ameshika vumbi. Sanamu haina kosa. Aliyekosea ni mwabudu, aliyeanza na mji kabla ya nyumba. Hekalu, maandamano, kuhani na sanamu ya kimo cha mnazi ni mambo ya mji. Yalihitaji hazina, watu na sheria. Nyumba ilikuwa na mambo yake, madogo na ya kila siku: moto wa jikoni, ambao ni wa Hestia, mungu wa kike wa meko, maji ya kunawa, kikombe cha kumimina, mtungi wa ghalani, jiwe la mlangoni. Haya yanaweza kurudi leo bila mtu kujidanganya.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka kwa adui. Tarehe 8 Novemba 392 Kaisari Theodosius alitoa sheria ya kuzima ibada za kale katika dola ya Rumi. Sheria hii haikuishia kwenye mahekalu na wanyama wa sadaka, iliingia hadi ndani ya nyumba: ilimkataza mtu yeyote, wa cheo au asiye na cheo, kuiheshimu miungu ya nyumbani kwa moto, kwa divai au kwa harufu ya ubani; ikakataza kuwasha taa, kuweka ubani na kutundika mashada ya majani. Majina iliyoyataja ni ya miungu ya nyumba za Kirumi, lakini vitendo ni vilevile vya Mgiriki. Mwanasheria wa Kaisari, bila kukusudia, ametuachia orodha ya vifaa.

Baada ya hapo uzi ulikatika, na ni vizuri kulisema hili wazi. Mwaka 396 patakatifu pa Eleusis, mji wa ibada za siri za Demeter karibu na Athens, paliharibiwa. Mwaka 529 Kaisari Justinian alizima mafundisho ya falsafa Athens. Katika karne ya 15 Gemistos Plethon, mwanafalsafa wa Mystras, aliandika kitabu cha sheria kwa dini ya Zeus, na Patriaki Gennadios akakichoma baada ya Plethon kufa. Kwa hiyo hakuna mzee wa kumwuliza. Kuna maandishi ya mawe, washairi, michoro ya vyungu, na watu wanaounganisha vipande. Yeyote anayekuambia bibi yake alimrithisha siri za Eleusis, mshukuru, maliza chai yako, uondoke. Siri zile zilishikwa na ukoo wa Eumolpidai, aliyezitoa alihukumiwa kifo, na zilikwenda kaburini pamoja na walioapa kuzitunza.

Ugiriki yenyewe ina jumuiya zinazofanya kazi hii hadharani. Tamasha la Prometheia lilianza mwaka 1996 chini ya mlima Olympos. Shirika la YSEE, yaani Baraza Kuu la Wagiriki wa dini ya asili, liliundwa mwaka 1997, na mwaka 2017 serikali ikaitambua dini yao kisheria. Jumuiya ya Labrys, iliyoanza mwaka 2008, imeweka mkazo kwenye ibada ya nyumbani, na kwa maoni yangu ndiyo imeshika mwisho sahihi wa kamba. Marekani kuna Hellenion tangu mwaka 2001. Ndani ya mduara huu kuna ugomvi usiokwisha: je, dini hii ni ya damu ya Kigiriki tu? Wanaosema ndiyo wangefaa kukumbuka kwamba Athens ilimpa Bendis, mungu wa kike wa kigeni kutoka Thrace, ibada ya mji, na kwamba bandarini Piraeus Wamisri walipewa ruhusa ya kumjengea Isis mahali pake kabla ya mwaka 333 K.K. Miungu ilisafiri kwa merikebu sawa na wafanyabiashara.

Tuingie kwenye maji.

Hesiodo, mshairi mkulima wa Boiotia, anaonya kwamba mtu asimmiminie Zeus divai alfajiri kwa mikono isiyonawa, kwa sababu miungu haitasikia na itayatema maombi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, nayo ni ya kimwili kabisa. Maji ya kunawia kabla ya ibada huitwa kernipsi. Namna ya kuyatayarisha inaonekana katika michezo ya kuigiza ya Athens: kinga cha moto kutoka madhabahuni kinatumbukizwa ndani ya maji, kisha maji hayo yananyunyizwa.

Nyumbani chukua bakuli pana lenye maji safi kiasi cha nusu lita. Bakuli liwe pana kwa sababu mikono miwili lazima iingie. Watu huweka kikombe cha kahawa halafu wanaishia kulowesha ncha za vidole na kiko cha mkono. Washa kijiti kikavu au jani kavu la mlaureli, lile la kutia kwenye pilau. Jani lina mafuta, hushika moto ghafla na kutoa mwali mrefu kuliko ulivyotarajia, kwa hiyo lishike kwa koleo na usiinamie. Subiri lishike vizuri. Ukilitumbukiza mapema hupati ule mlio wa *chwaa*, unapata jani bichi linaloelea. Nawa mikono, pangusa uso, nyunyizia mahali pa ibada na waliopo. Ukikaa karibu na bahari, maji ya chumvi yanafaa sana, Wagiriki waliyahesabu kuwa na nguvu ya kusafisha, ila usiyamwage kwenye vyungu vya maua ukimaliza. Yasiwekwe kwa ajili ya kesho. Maji yaliyonawiwa yamebeba ulichokiacha.

Na nini hicho ulichokiacha? Wagiriki walikiita miasma, na tafsiri ya karibu ni unajisi, lakini msomaji aliyekulia kanisani aondoe dhambi katika picha. Mama aliyejifungua hajakosa lolote, na bado sheria ya Kyrene ya karne ya 4 K.K. inasema uzazi unaitia nyumba najisi na kwamba aliyemo ndani atakaa hivyo siku tatu. Kifo hivyo hivyo: chombo cha maji kiliwekwa nje ya mlango wa nyumba yenye msiba ili atokaye anawe. Miasma ni mguso wa mipaka ya uhai, hushika na hutoka. Kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza ni kuigeuza kuwa maradhi ya hofu. Mtu amepita kwenye mazishi Jumanne, anaacha kuabudu wiki tatu, anaoga kwa siki, anaomba ushauri kama amelaaniwa. Ameshanawa? Basi. Msiba wa nyumbani kwake una siku zake za kukaa kando. Shughuli za kawaida zinahitaji bakuli la maji.

Moto unafuata, na moto ni Hestia mwenyewe. Utenzi wake mfupi, wa 29 katika zile zinazohesabiwa za Homeri, unasema bila yeye hakuna karamu ya wanadamu, na kwamba yeye humiminiwa wa kwanza na wa mwisho. Kwa hiyo hata ukimwita Apollo kwa shida maalumu, tone la kwanza si la Apollo. Ibada yote huwa katikati ya matone mawili ya Hestia.

Nyumba za sasa hazina mafiga katikati. Wengine humwekea Hestia jiko la gesi, na mimi sioni ubaya: ndipo chakula kinapotoka. Wengi hutumia taa ya mafuta ya zeituni, na hapa ndipo malalamiko huanza, kwamba taa inazimika baada ya dakika kumi. Sababu ni rahisi. Mafuta ya zeituni ni mazito, utambi hauwezi kuyapandisha juu sana. Umbali kutoka uso wa mafuta hadi mwali ukizidi sentimita 2 au 3, utambi unaanza kuungua wenyewe badala ya mafuta, unageuka mkaa na kufa. Tumia chombo kifupi na kipana, utambi wa pamba isiyo na nailoni, uuloweshe wote kwanza, uache milimita 3 hadi 5 tu nje. Ukiona moshi mweusi na masizi ukutani, utambi ni mrefu; upunguze. Taa ya glasi ndefu uliyonunulia mafuta ya taa iache kwa mafuta ya taa.

Kuhusu ubani sina haja ya kuwafundisha watu wenye chetezo nyumbani. Libanos ya Kigiriki ndiyo ubani huu huu wa pwani ya Somalia na kusini mwa Arabuni, na mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 B.K., ule unaoitaja Rhapta ya Azania, unapita bandari hizo za ubani kabla ya kushuka kwetu. Hiki ni kifaa ambacho mwabudu wa Ulaya hukilipia posta na sisi tunakinunua sokoni kwa kipimo. Maelezo mawili tu. Makaa ya duara yanayojiwasha yana chumvi ya kulipukia. Yaache dakika tano hadi kumi mpaka yavae jivu la kijivu pande zote, kwani ubani ukitupwa mapema utanuka sukari iliyoungua. Kipande kimoja kisizidi punje ya dengu. Weka mchanga chini ya makaa, fungua dirisha, na kamwe usilale chumba kimoja na chetezo chenye makaa hai, maana hewa ya makaa huua bila kunuka.

Tenzi 87 za Orfe, ambazo wengi huzisoma siku hizi, karibu zote zina jina la manukato juu yake: huyu ubani, huyu manemane, huyu ubani wa vumbi. Mtu akikosa manemane asisimame. Ubani hujibu kwa wote.

Sasa kumimina. Kuna namna mbili na wanaoanza huzichanganya kila siku. Ya kwanza, sponde, ni ya miungu ya juu: unamimina sehemu, taratibu, kutoka chombo kipana, na kinachobaki unakunywa. Mmekunywa pamoja. Ya pili, khoe, ni ya wafu na ya miungu ya kuzimu: chombo kinainamishwa hadi tone la mwisho, na hunywi. Anayemmiminia marehemu mama yake kisha akajipigia funda amekaa naye meza moja, jambo ambalo Mgiriki angelikwepa. Na madhabahu zinatofautiana pia. Ya miungu ya juu imeinuka. Ya wafu ni chini, hata shimo dogo lenye kina cha kiganja.

Divai huchanganywa na maji. Hesiodo anashauri sehemu tatu za maji kwa moja ya divai. Kwa kikombe cha mililita 100 hiyo ni 75 za maji na 25 za divai, na hutosha kabisa. Divai isiyochanganywa ilikuwa ya kuonja kidogo tu baada ya chakula kwa Agathos Daimon, pepo mwema wa nyumba. Asiyekunywa pombe, kwa dini yake ya awali, kwa afya au kwa historia yake na chupa, hana sababu ya kujiona nusu mwabudu. Kuna daraja zima la sadaka zisizo na divai, nephalia: maji, maziwa, asali. Eumenides (miungu wa kike wa kisasi), Jua, Mwezi, Muses (miungu wa kike wa ushairi) na nymfa wa chemchemi walipewa hizo kwa kawaida huko Athens. Sophokles, mtunzi wa michezo ya kuigiza, amemwandikia mhusika wake Oidipus ibada nzima ya Eumenides hatua kwa hatua: maji kutoka kijito kinachotiririka, vyombo vilivyovikwa sufu ya mwanakondoo mdogo, kusimama kuelekea mapambazuko, kumimina mara tatu, chombo cha mwisho kikiwa maji na asali bila divai, kisha kulaza matawi ya mzeituni, tisa mara tatu kwa mikono yote miwili, kuomba kwa sauti ya chini, na kuondoka bila kugeuka.

Ndani ya nyumba unamiminia kwenye bakuli, halafu bakuli linamwagwa nje udongoni siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo ni neno la kushikilia. Maziwa na asali vikilala kwenye rafu kwa joto la nyuzi 30, asubuhi utakuta msafara wa sisimizi kutoka dirishani hadi miguuni pa Hermes, na wiki ijayo utakuwa unasafisha ukungu. Kutupa divai juu ya makaa hai ndani ya chumba ni kosa jingine: jivu linaruka, kigae cha chetezo kinapasuka.

Maombi husimamwa, na husemwa kwa sauti. Mikono huinuliwa na viganja kuelekea mbinguni. Kwa Poseidon hunyooshwa kwa bahari, kwa wa kuzimu huelekezwa ardhini. Kunong'ona kulitiliwa shaka, kwani anayemwombea jirani mabaya ndiye asiyetaka kusikika. Muundo wake umekaa vizuri mwanzoni mwa Iliadi, kwa kuhani Khryses: anamwita Apollo kwa sifa na mahali pake, mwenye upinde wa fedha, mlinzi wa Khryse na Killa, anamkumbusha mapaja yaliyonona aliyomchomea na hekalu alilomwezekea, ndipo anaomba. Mwite, mkumbushe, omba. Sehemu ya katikati ndiyo watu wa leo huona haya nayo, wanadhani ni kumdai mungu. Waswahili walishasema mkono mtupu haulambwi. Wagiriki waliuita uhusiano huu kharisi, wema unaozunguka kati ya pande mbili, na hauwezi kuzunguka kama upande wako hukuleta kitu. Hii ndiyo sababu ibada ndogo ya kila siku inashinda ibada kubwa ya dharura: inakupa la kukumbushia.

Lugha iwe unayoota nayo. Majina na sifa chache zibaki za Kigiriki ukipenda. Kwa Hestia, asubuhi, hivi yatosha:

"Hestia binti wa Kronos, wa kwanza kuzaliwa na wa mwisho kuzaliwa, wewe uliyekataa ndoa ukakaa katikati ya nyumba na kupokea sehemu iliyonona. Jana nilikumiminia, na juzi. Pokea ya leo. Moto wa nyumba hii usizimike, na waliotoka asubuhi warudi jioni."

(Wa kwanza na wa mwisho kwa sababu Kronos alimmeza kabla ya wenzake na kumtapika baada yao.)

Kalenda ni sehemu ambayo msomaji wa Kiswahili ana nafuu kuliko mwenzake wa Ulaya. Siku ya Athens ilianza jua likizama. Anayesema usiku wa kuamkia Ijumaa na kuhesabu saa moja ya usiku baada ya magharibi hahitaji somo la pili. Mwezi ulianza kwa kuandama, siku 29 au 30. Siku ya kwanza ni Noumenia, ya pili ya Agathos Daimon, ya nne ya Afrodite na Hermes, ya sita ya Artemis, ya saba ya Apollo, ya nane ya Poseidon. Kosa la kawaida linatoka kwenye programu za simu. Kinachoandikwa humo "mwezi mpya" ni saa ambayo mwezi uko gizani kabisa. Hilali huonekana jioni ya kesho yake au ya keshokutwa. Anayefuata simu hujikuta anasherehekea Noumenia wakati Hekate, mungu wa kike wa njia panda, ndiye anayengoja chakula chake cha mwisho wa mwezi. Toka nje uangalie magharibi, kama wafanyavyo watu wakati wa Ramadhani. Mawingu yakizuia, timiza siku 30.

Mwaka wenyewe ni mgumu zaidi. Kwa Athens mwezi wa kwanza, Hekatombaion, huandama baada ya jua kufika kikomo chake cha kaskazini mwezi Juni. Miezi 12 ya hilali ni siku 354, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili au mitatu mwezi mmoja hurudiwa, mara nyingi Poseideon. Na aliyeko Dar es Salaam au Cape Town aufanyeje mwaka wa mavuno ya Attika, nchi ya Athens? Wengi hushika tarehe za Athens tu. Mimi ningegawa: miungu ya mji kwa tarehe ya mji, lakini sadaka za mavuno zifuate mavuno yaliyo mbele ya macho yako. Demeter, mungu wa nafaka, hapewi masuke kwa kalenda wakati shambani kuna palizi.

Kwa sikukuu, chagua moja inayoingia jikoni. Pyanopsia, tarehe 7 ya Pyanopsion, kama Oktoba, ni ya Apollo na ya maharage: kunde na nafaka za aina nyingi hupikwa chungu kimoja, karibu na kande. Siku hiyo hiyo hufungwa eiresione, tawi la mzeituni au mlaureli lililozungushwa sufu, likatundikwa tini, vimikate, vichupa vya mafuta, asali na divai, na kuwekwa juu ya mlango mwaka mzima. Tini mbichi zisitumike, zitaoza ndani ya siku nne na kudondokea wageni. Tini kavu, mikate iliyookwa hadi ikakauka kama biskuti, na uzi wa kitani. Tawi la mwaka jana huchomwa.

Wanyama? Wagiriki walichinja, ndiyo, na nyama nyingi waliyokula ilipitia madhabahuni. Karibu jumuiya zote za leo hazichinji, na hazijapungukiwa, kwa sababu nyumba nyingi za kale nazo hazikuwa na ng'ombe wa kila mwezi. Kulikuwa na vitumbua vya shayiri. Hesiodo tena: toa kwa kadiri ya uwezo wako, na siku nyingine waridhishe kwa kumimina na kwa ubani, ulalapo na nuru irudipo.

Turudi mlangoni, mwisho wa mwezi. Siku ya giza ni ya Deipno, chakula cha jioni cha Hekate. Nyumba hufagiwa, majivu ya chetezo na mabaki ya sadaka hutolewa, madeni madogo hulipwa. Mikate, mayai na vitunguu saumu vilipelekwa njia panda ya barabara tatu, vikaachwa bila aliyeviweka kugeuka nyuma. Aristofanes, katika mchezo wake wa mwaka 388 K.K., anatania kwamba maskini huvinyakua kabla havijatua chini. Leo kuna matatizo mawili. Vitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, na mbwa ni wa Hekate, basi utakuwa umemlisha mungu kwa mkono mmoja na kumwulia wake kwa mwingine. La pili, sahani ya mayai njia panda ya Tanga au Mombasa alfajiri itaitisha mkutano wa mtaa, na hakuna atakayedhani ni mambo ya Athens. Weka nje ya geti lako, chini ya mti, usiku, chakula kidogo kisicho na plastiki. Au mpe mtu mwenye njaa chakula kizima cha siku hiyo. Aristofanes amekwisha kutuambia kilikuwa kinaishia wapi.

Mtungi wa ghalani nao humwagwa siku hiyo. Ni wa Zeus Ktesios, Zeus wa mali ya ndani, na ndicho kitu ninachompendekezea mtu mwenye nafasi ya kitu kimoja. Maelekezo yamehifadhiwa na mwandishi wa kale Athenaios: chukua kadisko, yaani mtungi mdogo, mpya yenye masikio mawili na kifuniko, vika masikio yake sufu nyeupe, kuna jambo la bega la kulia, paji la uso na zafarani ambalo maandishi yake yameharibika, kisha tia ndani ambrosia. Ambrosia hiyo ni maji safi, mafuta ya zeituni na matunda ya kila namna. Anayekuonyesha kwa uhakika kamili jinsi uzi unavyopita begani amebuni, na si dhambi kubuni, mradi aseme.

Chombo cha nusu lita kinatosha. Maji mililita 250, mafuta kijiko kimoja cha chakula, na konzi ndogo ya vitu vikavu: shayiri, ngano, dengu, ufuta. Watu huongeza zabibu kavu kwa kuwa ni tamu, nazo huja na hamira yake juu ya ganda. Siku ya tatu maji yanatoa mapovu, na kama umefunga kifuniko cha kuzungusha, siku ya sita kitafyatuka. Kifuniko kikae tu, kisibane. Zabibu mbili zinatosha kwa heshima. Kadisko ya udongo isiyopakwa glezi itatoa jasho kama mtungi wa maji ya kunywa na kuacha duara jeusi kwenye rafu ya mbao, basi iwe na kisahani chini. Usiionje. Usiimwage kwenye sinki, mafuta na nafaka vikikutana kwenye bomba utamwita fundi. Shina la mti ndilo mahali pake. Sufu ifunguliwe kabla ya kuosha. Chombo kioshwe kwa maji ya moto bila sabuni, kwani udongo hunywa sabuni na kuirudisha mwezi mzima, kianikwe juani hadi magharibi. Hilali ikionekana, nawa, mmiminie Hestia, ukijaze tena.